Majibu ya Haboba Teresina

Kipimo kilitoka Korea, na kilipofika kwetu Gurei, mtaa wa Juba, kilikuwa bado na baridi ya huko. Swali moja lilimtaka mzee ataje majira manne ya mwaka. Tukayafanya mawili, mvua na kiangazi. Picha moja ilionyesha mtungi mkubwa wa udongo ambao watu wa kule huhifadhia kabichi yenye pilipili. Wazee wetu wote waliuita mtungi wa marisa, pombe yetu ya mtama, na mzee Lokosang aligoma kuendelea mpaka nimwongezee alama.

"Nimekutajia chombo, nimekutajia na kilichomo," alisema. "Halafu unanipa alama moja? Daktari wako ni mchoyo."

Daktari wangu, yaani Daktari Seo, alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuja kufanya kazi katika zahanati ya kanisa. Kwao alikuwa mmoja wa watu waliotengeneza kipimo hicho kwa ajili ya wazee wa Korea, ili kumtenga mzee anayesahau kama wazee wote wanavyosahau na yule ambaye ugonjwa umeanza kumla akili. Kule kilifanya kazi vizuri. Hapa Juba hakuna aliyejua. Kabla ya kumpima mzee ilibidi tukipime kipimo chenyewe.

Tulifanya hivi. Mimi, Lemi, niliuliza maswali kwa Kiarabu cha Juba na kuandika majibu. Daktari alizungumza kando na mtu wa nyumbani kwa mzee: anapotea njiani? Anasahau sufuria motoni? Anaongea na watu waliokufa? Kisha yeye mwenyewe alimchunguza mzee bila kutazama alama zangu. Njia hizi zikikubaliana kwa wazee wengi, tungejua kwamba kipimo kinasema kweli. Kwa maswali ya familia hatukuwa na kitabu cha majibu. Jibu lilikuwa sahihi kama mtu wa nyumbani amelithibitisha.

Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka 2017. Mapigano ya Julai ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamepita mjini, lakini hofu ilikuwa imebaki palepale. Waliokuwa na ndugu Uganda walikuwa wakiondoka kwa barabara ya Nimule, magari yakienda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Hata hivyo si kila msafara ulifika salama.

Ndipo alipokuja Ketty.

Alikuwa na duka la vitenge Hai Jalaba, mbele ya nyumba ya mama yake. Mimi na yeye tulikulia Adjumani, ukimbizini, ingawa hatukufahamiana kule. Aliponisikia nikizungumza na mlinzi wa zahanati, aliacha Kiarabu akaingia katika Kiswahili cha kwetu cha Uganda.

"Kaka, nyinyi ndiyo mnapima wazee kichwa?"

"Ndiyo sisi, dada."

"Basi pima mama yangu. Mimi iko na haraka. Msafara inaondoka wiki ijayo, na mama amekataa kabisa kuondoka."

Nilimwuliza anataka nini hasa. Hakuficha. Baada ya Julai walikimbilia Adjumani, na mumewe Lagu alikuwa bado kule na watoto. Yeye alirudi Juba peke yake kumchukua mama, akadhani ni kazi ya siku chache. Mama alisema haendi. Ketty akamwendea mjomba wake Gune, kaka mkubwa wa mama, ili atumie ukubwa wake. Mjomba alimjibu kwamba mama mwenye akili zake habebwi kama mbuzi. Lakini daktari akisema akili zimekwenda, yeye mwenyewe atamshika mkono mmoja na Ketty ashike mwingine, wampandishe garini.

"Kwa hiyo unataka mama yako aonekane mgonjwa," nilisema.

"Nataka mama yangu awe hai," alinijibu. "Na mgonjwa ni mgonjwa, kaka. Njoo uone mwenyewe."

Tulikwenda kesho yake asubuhi, mimi na daktari. Ilikuwa nyumba ya zamani, kuta za tofali, na nyuma yake jiko la udongo lililojitenga, paa lake la bati limeshika kutu. Bibi Teresina, haboba kama tunavyosema, alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni pa jiko hilo, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, akibangua karanga. Ketty aliniletea kiti cha plastiki. Nikakaa, nikaweka ubao na karatasi magotini, nikamsalimu haboba kwa heshima, nikamweleza kwamba nitamwuliza maswali kidogo na hakuna litakalomdhuru.

Alinitazama viatu, kisha karatasi. Usoni hakunitazama.

"Haboba, leo ni siku gani?"

"Ana ma arufu." Sijui.

"Hapa tulipo panaitwaje?"

"Ana ma arufu."

"Nyumba hii ni ya nani?"

"Ana ma arufu."

"Unaishi na nani hapa?"

Karanga moja ilimponyoka. Aliiokota, akaipuliza vumbi. "Sijui, ya weledi," alisema kwa upole, mwanangu, kama mtu anayeomba radhi kwamba hana chai ya kukukaribisha.

Nilipomwuliza majina ya watoto wake, hakujua. Nilipomwuliza mwanawe mkubwa yuko wapi, alijibu mara moja, kwa sauti kavu isiyopanda wala kushuka: "Yuko Khartoum. Anasoma."

Kisha nikamtajia maneno ya kukumbuka: mlango, jembe, samaki, kitambaa, mwezi. Nikamwonyesha picha, akazitaja zote, na mtungi akauita wa marisa. Nikampa hesabu ya mayai kwenye kikapu, yanatolewa kidogo kidogo, akaifanya bila kuacha kubangua. Nilipomwuliza yale maneno ya mwanzo, aliyataja yote kwa mpangilio nilioutumia mimi.

Hata hivyo alama zilikuwa chini ya mstari wa akili timamu, kwa sababu maswali ya siku, mahali na watu yalikuwa mengi na yote aliyakosa. Maneno ya Ketty aliyompa daktari nayo yalikubaliana na alama. Mama ana kitanda chumbani lakini hulala jikoni, sakafuni, kwenye mkeka. Kabla ya kulala hunyunyizia sakafu maji na kusema maneno ambayo Ketty hayasikii vizuri, na katikati ya maneno hunyamaza, kama anayesubiri mwenzake amalize. Anasema Jada yuko Khartoum anasoma.

"Jada ni kaka yangu," Ketty alituambia tukiwa barazani pa duka. "Alikwenda Khartoum mwaka wa tisini na mbili, mimi iko Uganda na shangazi. Angekuwa hai sasa angekuwa na mvi. Mtu wa mvi anasoma nini?" Alijaribu kucheka. "Kila siku mimi namwambia, 'Mama, Jada amekufa, kubali tu.' Ananitazama kama mimi ndiye kichaa."

Nilirudi Gurei nikiwa na hakika. Alama zilisema, binti alisema. Ilibaki daktari kuandika.

Daktari Seo aliikalia karatasi ile muda mrefu. Chai yake ilipoa. Mwishowe aliniuliza, kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Lemi, ugonjwa huu huanza kula wapi?"

Nilimjibu alivyonifundisha. Huanza kwa mambo mapya. Mgonjwa hushindwa kushika maneno uliyompa sasa hivi, lakini jina la mwanawe hubaki naye karibu mpaka mwisho.

"Na yeye?"

Nikatazama tena. Maneno mapya alikuwa ameyashika yote, na majina ya watoto alikuwa ameyapoteza yote. Ilikuwa kama mtu aliyevaa nguo nje ndani.

"Bibi yangu alikuwa hivi," alisema. Alisema akiwa ametazama dirishani. "Tulipoanza kujaribu kipimo hiki nyumbani, nilimpima yeye, kwa mchezo tu. Maswali ya familia aliyakosa. Nililia. Nilidhani nimemgundulia ugonjwa. Mama yangu ndiye aliyenieleza baadaye. Wakati wa vita vyetu watu walikuja na karatasi wakiuliza ndugu zake wako wapi. Walikuwa watu wapole, wakakaa, wakauliza. Tangu hapo, mtu akikaa mbele yake na karatasi, bibi hajui kitu."

Akasukuma pembeni chai yake iliyopoa.

"Sijui kama ni hivyo kwa huyu," aliongeza. "Inawezekana ni mgonjwa pia. Nenda tena, lakini usiende kumpima."

Nilimpitia Ketty dukani kumweleza kwamba hakuna karatasi ya daktari bado. Alikuwa akikunja vitenge, akavibwaga mezani.

"Kaka Lemi, mimi nilikufikiri mtu wa kwetu. Unataka mama yangu afie hapa?"

"Sitaki, dada."

"Basi andika! Alama si umeandika mwenyewe? Mama hajui hata nyumba ni yake! Sasa mnangoja nini, mpaka asahau kupumua?"

Nikamwomba ruhusa nikakae na haboba. Akanionyesha kwa mkono wa hasira nipite.

Safari hii nilivua viatu nikakaa chini, nje ya mkeka, nikachukua karanga zangu nikaanza kubangua. Nyumba ya pili mtu alikuwa akitwanga. Jua lilipanda, kivuli cha jiko kikatusogelea. Karanga zangu nyingi zilivunjika, naye alizitenga pembeni bila kunisema.

"Leo huna karatasi," alisema.

"Sina, haboba."

"Nani amekutuma?"

"Daktari. Lakini hakuniambia nikuulize kitu."

Alifikiri. Kisha akasema, kama anayenipa maji ya kunywa, "Uliza."

Nikaogopa kidogo. Nikauliza swali la kwanza, leo ni siku gani, akaniambia ni Jumanne, na kwamba Kwaresima imeanza na padri amepaka watu majivu haraka haraka kwa sababu ya milio ya risasi upande wa mlima. Hapa ni Hai Jalaba. Nyumba hii aliijenga marehemu mumewe, na tofali za ukuta wa nyuma si nzuri kwa sababu fundi alikuwa shemeji yake na shemeji hakaripiwi.

Nilicheka. Yeye hakucheka, lakini uso wake ulilegea.

"Unaishi na nani, haboba?"

"Na Ketty," alisema. "Na Jada."

Niliacha kubangua.

"Jada yuko hapa." Aligusa mkeka wake kwa kiganja, nyuma yake, ndani ya mlango wa jiko.

Nitayasema aliyoniambia kwa ufupi, kwa sababu yeye mwenyewe aliyasema kwa ufupi. Mwaka ule wa tisini na mbili, waasi waliposhambulia mji kisha wakarudishwa nyuma, askari wa serikali walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta vijana. Jada hakuwa mwasi. Alikuwa karani wa stoo. Alipigwa risasi ya tumbo akivuka barabara, akajikokota mpaka nyumbani, na mama yake akamficha jikoni nyuma ya magunia ya mkaa, akamfunga jeraha kwa kanga. Adhuhuri wakaja watu wa usalama. Hawakuvunja mlango. Waliomba viti. Walikuwa na karatasi, na mmoja wao alimwita mama.

"Walikaa ulipokaa wewe juzi," aliniambia.

Walimwuliza nyumba hii ni ya nani, anaishi na nani, watoto wake wanaitwaje. Akasema hajui. Walimwuliza mwanawe yuko wapi. Akasema yuko Khartoum, anasoma. Wakamwomba chai. Akaingia jikoni kuchemsha maji, hatua chache kutoka kwenye magunia, na kupitia upenyo akaona macho ya Jada yakimtazama. Jada alikuwa ameuma kanga. Akawapelekea watu wale chai. Wakanywa polepole. Wakauliza upya maswali yaleyale, wakiyapindua, ili waone kama majibu yatabadilika. Hayakubadilika. Waliomba chai tena, akarudi jikoni, na macho bado yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakimtazama yeye.

"Hakutoa sauti," alisema Teresina. "Nilimsikiliza muda wote nikiwajibu wale, sikusikia kitu. Mpaka leo nasikiliza."

Watu walipoondoka alianza kuchimba kwa jembe na kisu palepale Jada alipokuwa amelala, na alikuwa bado akichimba giza lilipoingia. Hakulia. Ukuta wa jirani ulikuwa karibu, na msiba huita watu, na watu huuliza nani amekufa. Hakumwambia hata Gune kaka yake. Wakati ule kila aliyejua kitu aliweza kuulizwa. Baadaye vita viliisha, lakini jibu lilikuwa limeshazoea mdomo wake.

Niliangalia karanga zangu.

"Sasa Ketty anataka kunibeba," aliendelea. "Nikienda, wataingia watu wasiojua. Watamkalia. Nikifa huko, hakuna mtu duniani anayejua alipo. Ndiyo maana nimekuambia. Andika kwamba nina akili."

Hapo ndipo nilipogundua tulipofikia, nami nilimwambia kweli. Kwa utaratibu wetu jibu la familia halithibitishwi na mimi. Linathibitishwa na mtu wa nyumbani. Nikiandika kwamba Teresina amesema mwanawe yuko jikoni, na binti amesema kaka yake alikwenda Khartoum, basi jibu la kweli kuliko yote aliyotoa litahesabiwa kosa, tena kosa la mtu aliyerukwa na akili.

"Kwa hiyo ni lazima Ketty ajue," alisema.

"Ndiyo, haboba. Na si mimi wa kumwambia."

Alikaa akiusugua mkono mmoja kwa mwingine. Nilidhani atakataa. Kisha akapaza sauti kuelekea dukani, sauti ya mama wa nyumba yoyote.

"Ketty! Funga duka uje."

Ketty alikuja na futi ya kupimia vitenge shingoni. Mama alimwambia akae. Hakukaa. Mama akamsimulia yote, binti amesimama hivyo, na alipofika kwenye chai ya pili Ketty akakaa.

Kwanza alikasirika. Sikutegemea hivyo, lakini sasa sioni kama angeweza kuanza na kitu kingine.

"Vita vilipoisha mimi nilikwenda bandarini, Mama. Kila meli ya kutoka Khartoum ikifika na watu wanaorudi, mimi nilikuwa pale. Naita jina lake. Jada! Jada! Watu wananicheka. Narudi hapa nimechoka, wewe unanipa chakula. Unanipa chakula, Mama, na yeye iko hapa!"

"Ndiyo," alisema Teresina.

"Kwa nini uliniacha niende?"

"Ulipokuwa ukienda," mama alisema, na hapo ndipo sauti yake ilipotikisika mara ya kwanza, "nilikuwa nasema, labda leo atarudi naye."

Ketty aliingia jikoni. Nilimwona kwa mlango uliokuwa wazi, amesimama ukingoni mwa mkeka, hajui aweke wapi miguu. Akauliza kichwa kiko upande gani. Mama akamwonyesha. Akapiga magoti upande ule, akaweka uso wake kwenye mkeka, na mkono wake mmoja ukashika kitambaa cha kichwani na kukisokota mdomoni, kuzuia sauti. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo.

Teresina aliona. Aliinuka, jambo lililomchukua muda, akaingia, akamvuta binti yake kile kitambaa kutoka mdomoni.

"Lia," alimwambia. "Lia wewe."

Kilio cha Ketty kilipotoka, kutwanga kule nyumba ya pili kulikoma. Mwanamke akaita juu ya ukuta, "Teresina! Kuna nini? Nani amekufa?"

Nilimtazama haboba. Alikuwa amesimama katikati ya jiko lake, midomo ikitembea. Niliona lile jibu la zamani likimjia, Khartoum, anasoma, nikaona akilishikilia mdomoni na kulimeza.

"Mwanangu!" alijibu kwa nguvu zake zote. "Mwanangu Jada!"

"Lini?"

Hilo hakulijibu. Wala jirani hakungoja. Alikuja na mkeka wake, akafuatwa na wengine, na kabla ya jua kugeuka ua ulikuwa umejaa wanawake wameketi chini, kama inavyofanywa kwenye kila bika, matanga yetu. Habari zilipozunguka ni nani anayeliliwa na tangu lini, hakuna aliyeona ajabu. Mama mmoja mzee alitaja jina la mumewe aliyepotea mwaka uleule. Mwingine akataja ndugu zake, akafunika uso. Nikakumbuka wangapi kati ya hawa walikuwa kwenye orodha yetu ya wazee wa kupimwa, na wangapi niliwakalia mbele na karatasi wakaniambia hawajui.

Daktari Seo alikuja jioni, akavua viatu, akakaa nao. Hakuelewa maneno mengi. Nadhani aliyaelewa ya kutosha.

Msafara wa wiki ile uliondoka bila wao. Fortunato katekista aliwasalia, mjomba Gune alikaa siku zote za bika bila kumsemesha dada yake, na siku ya mwisho akamwosha mikono mbele ya watu, ikawa wamepatana. Karatasi ya daktari ilisema Teresina ana akili timamu. Ketty aliipokea, akaiweka bila kuisoma.

"Mama, sasa mimi naomba tu," alimwambia. "Unataka kwenda, au unataka kubaki?"

Teresina alisema anaweza kwenda. Jada sasa ana watu wanaojua alipo. Lakini Gune alikuwa mzee, macho yake yamekufa, na Ketty ataondoka na mama yake. Inabidi abaki mtu Juba mwenye miguu. Wote wawili wakanitazama.

Nilikubali. Sikuapa wala hakuna aliyeniapisha. Nilisema tu, "Nitakuwa napita."

Niliwasindikiza mpaka nje ya mji kabla ya Nesitu, magari yanapojipanga. Haboba alipanda mwenyewe, akikataa mkono wa kondakta. "Niache, wewe kijana, nimepimwa mimi," alimwambia, na Ketty akacheka huku machozi yakimtoka. Baadaye walinipigia kutoka Adjumani. Walikuwa wamefika.

Maswali ya familia tuliyaondoa kwenye kipimo. Wazee tuliowapima mwanzo tuliwarudia wote, bila viti. Ilichukua muda mwingi, na wengine hatukuwapata tena.

Nilikuwa napita Hai Jalaba kila nilipoweza, kisha kukawa na majuma ambayo barabara hazikupitika, kisha mvua. Nilipofika tena, uzio wa mabati ulikuwa umefunguliwa upande mmoja na moshi ulikuwa ukitoka jikoni.

Ndani nilimkuta mwanamke kijana na mtoto mgongoni. Aliniambia anaitwa Santina, wamekimbia kutoka upande wa Yei, na watu waliwaambia nyumba hii haina mtu. Alisema haraka, macho yakiwa mikononi mwangu, aone nimeshika nini. Sikuwa nimeshika kitu. Alikuwa ameweka mafiga yake ndani kwa sababu ya mvua, upande wa kulia wa mlango, mahali palipokuwa na mkeka. Maharage yalikuwa yakitokota.

Ningeweza kumwambia kila kitu. Ningeweza pia kumwambia nyumba ina wenyewe, nao wangeondoka, na kesho wangekuja wengine. Nilichuchumaa karibu na moto.

"Dada," nilisema, "kaeni tu. Mfalme wa mvua wa wazee wetu akiizuia mvua mtapata mahali pengine, asipoizuia kaeni. Lakini moto msiuweke hapa."

Alinitazama, kisha akatazama chini, kwenye udongo uliokuwa umebonyea urefu wa mtu. Hakuniuliza kwa nini. Alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza kwenye gunia mbali na pale, akaepua sufuria kwa pindo la gauni lake. Tukazima kuni moja moja. Mafiga mawili tuliyabeba mpaka chini ya ukingo wa paa, ambako mvua haifiki sana. La tatu lilikuwa bado la moto. Tukakaa kando yake, tukingoja lipoe.